Picha Ina Mwenyewe

Clarisse anasuka nywele pale mtaa wa Mudzipela, mbele ya nyumba anayoishi na mama mkwe wake, Godelive. Tangu wakimbie Djugu, hana saluni. Ana kiti kimoja, kitana, na simu yenye kioo kilichopasuka. Wateja wanaona misuko kwanza mu ukurasa wake wa mtandao, halafu wanakuja mbio.

Asubuhi moja ukurasa haukufunguka. Alizima simu, akaiwasha. Bado. Siku tatu zikapita, kiti kitupu.

"Nimechoka, mama," alisema. "Vita ilitukimbiza mikono mitupu. Sasa hata kazi hii imeenda."

"Keti basi," Godelive alijibu. "Kiti nacho kimechoka kuwa peke yake."

Jirani yao Alexis, fundi wa redio ya mtaa, alichukua simu, akasoma ujumbe ulioletwa na mtandao.

"Iko mutu alilalamika. Gracia, musukaji wa Nyakasanza. Anasema picha ziko zake, ndiyo maana ukurasa umefungwa."

"Gracia? Simujue! Picha nilitoa mu simu, mu groupe ya bamama ya kanisa. Kitu ya groupe ni ya siye wote."

"Kumbe!" Godelive alisema. "Mama Martine aliweka mule picha ya bwana yake. Naye ni wa siye wote?"

Clarisse alicheka bila kutaka.

Alexis alitafuta picha moja mu groupe. Chini yake kulikuwa na jina na namba ya Gracia.

"Alisuka yeye, akapiga picha yeye. Kuipata mu groupe hakukupi haki. Na jina, weye ulilikata."

Kweli alilikata. Aliona linaharibu picha.

"Ningeliacha, ingekuwa sawa?"

"Jina ni heshima. Jina si ruhusa. Unaomba kwanza: picha gani, utaiweka wapi. Akikubali, unaandika jina lake na kutunza jibu lake. Akikataa, unaacha. Akinyamaza, unaacha vilevile."

Clarisse aliandika polepole kwa namba ile: "Dada Gracia, nilichukua picha zako bila kuomba. Jina nilikata. Unisamehe. Nitazifuta zote."

Zikapita siku mbili. Halafu Gracia akapiga simu.

"Bateja wananiuliza kama nilihamia Mudzipela! Nasuka mpaka vidole vinauma, weye unavuna tu?"

"Pole, dada. Nilikosa."

Gracia alivuta pumzi. "Nitaondoa lalamiko. Lakini onyesha kazi ya mikono yako."

Ukurasa ukarudi. Clarisse akafuta picha za Gracia. Zake mwenyewe zilizobaki hazikufika hata tano. Akatazama kichwa pekee kilichokuwa karibu. Mvi tupu.

"Mama, naomba nikusuke. Halafu nikupige picha, niiweke mu mtandao. Unakubali?"

"Leo umeuliza! Suka. Lakini piga ya mugongo. Bachumba wakiona sura yangu, hatutalala."

Clarisse akamsuka, akaweka picha ile, na jina lake mwenyewe chini. Juma hilo wakaja mabibi wawili, halafu binti zao. Jioni mgongo ulimuuma, ila safari hii kwa kazi.

Jumamosi ujumbe ukaingia. Clarisse akausoma kwa sauti: "Dada, ile picha ya mvi inapendeza. Naomba kuiweka kwangu, na jina lako. Ni mimi Gracia."

"Picha ni yangu," Clarisse alisema. "Lakini kichwa ni chako, mama. Nimujibu nini?"

Godelive akajinyoosha kwenye kiti kama mukubwa wa ofisi.

"Mwambie angoje kidogo. Niko nafikiri."