Kikohozi cha Jemadari

Maiti ilikuwa imekaa, mgongo ukutani, mikono miwili mapajani, povu limekauka kwenye ndevu. Alikuwa sokwe dume aliyeitwa Jemadari, na Inspekta Pilipili alimtazama kupitia nondo huku amekunja uso. Mezani kwake alikuwa ameacha majalada ya watu waliouawa, akatumwa kwenye bustani ya wanyama.

Pilipili halikuwa jina lake. Askari wenzake walimpachika, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

"Ni sumu," mkurugenzi wa bustani alisema. "Na aliyemwekea namjua."

Alimtaja mlishaji wa sokwe. Walikuwa wamegombana wiki iliyopita, mkurugenzi akamsimamisha kazi, naye mlishaji akaondoka akisema mbele ya watu kwamba bustani itajuta. Ushahidi ndio huo tu. Mkuu wa kituo alikuwa keshamtia mahabusu kabla maiti haijapoa, na maelezo yake aliyachukua mwenyewe, yakawa mistari mitatu. Pilipili alipoomba kumhoji, aliambiwa kesi imekwisha. Damu ilimchemka. Siku hizi watu walikamata kwanza, kufikiri kukasubiri.

Daktari wa bustani alikuwa binti wa mkurugenzi, mama wa mtoto mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Jemadari alipoanza kuugua, mkurugenzi alimwambia binti yake ni sumu, naye akamtibu sumu mpaka sokwe akakata roho mbele ya macho yake. Pilipili aliagiza uchunguzi kamili wa maiti. Majibu ya maabara yalikuja: tumboni hakukuwa na sumu hata chembe, ila mapafu yalijaa usaha.

"Bakteria wa nimonia," daktari alisema. "Wanakaa kooni mwa watoto wetu. Mtoto anakohoa, mara nyingi anapona. Kwa sokwe ni wageni, mwili wake hauwajui. Wanamuua."

"Walimfikiaje?"

"Kwa mtu. Ndiyo maana hapa hapaingiwi bila barakoa."

Wahudumu wote walichukuliwa sampuli za koo, hata mlishaji huko huko mahabusu. Wote walikuwa safi. Pilipili alimpelekea mkuu wa kituo majibu akitaka mtu aachiwe. Mkuu akasema huenda mlishaji alimwingiza mgonjwa makusudi ili kulipa kisasi; si ndiye aliyekuwa na ufunguo? Pilipili alitoka bila kupiga saluti, na mlango aliubamiza.

Alirudi bandani. Shangazi, sokwe jike aliyebaki, naye alikuwa ameanza kukohoa. Vidonge alivyopewa alivisagasaga na kuvitupa. Alilalia nyasi zake pembeni, hata ndizi haifuati, na kila mtu alipokaribia alizikusanya nyasi zile chini ya tumbo.

"Anaficha nini?" Pilipili aliuliza.

Daktari alieleza kwamba sokwe huokota chochote, kwa hiyo wamefundishwa kubadilishana: ukitoa kitu, unapewa tunda. Ila Shangazi habadilishani na yeyote isipokuwa mlishaji wake.

"Basi aletwe."

Mkurugenzi alikuja juu. Alisema muuaji hakanyagi tena pale, kwamba atampigia simu mkuu wa kituo, na hata mkuu wa huyo mkuu. Pilipili alimwambia apige, lakini kwanza aivae barakoa yake vizuri.

Mlishaji aliletwa akiwa na pingu, shavu limevimba. Pilipili alimuuliza askari aliyemleta habari ya shavu lile. Askari aliangalia viatu vyake.

"Tutaonana mimi na wewe," alimwambia, akazifungua pingu mwenyewe.

Mlishaji alivaa barakoa, akachuchumaa, akanyoosha kipande cha papai. "Shangazi, mkono mtupu haulambwi. Mimi huyu nimekuja na papai. Mwenzangu una nini?"

Sokwe alimtazama sana. Kisha akajikokota hadi kwenye nondo, akamwekea kiganjani tarumbeta ya plastiki ya mtoto, ya rangi ya waridi, imefungwa plasta mdomoni.

Daktari aliinama kuitazama.

"Plasta hiyo niliifunga mimi," alisema. "Ilipasuka, mwanangu akalia." Akageuka polepole. "Baba?"

"Mtoto huokota na kutupa vitu popote," mkurugenzi alisema.

"Wakati analala kwako na homa? Nilikuambia asitoke kitandani."

"Mzee," Pilipili aliingilia, "nani alimfungulia mlango?"

Aliyejibu ni mlishaji, bila kusimama. "Alinikuta mlangoni amempakata mtoto, mtoto anakohoa. Nikakataa kufungua. Akaninyang'anya ufunguo, akanifukuza. Kituoni nilisema hayo. Ndipo nikapigwa hapa." Aligusa shavu.

"Ni kweli?" Pilipili aliuliza.

"Nilikuwa nimemwahidi mjukuu wangu," mkurugenzi alisema. "Na huyu ananizuia mbele yake, kwenye bustani yangu. Tukaingia. Mtoto akapuliza tarumbeta, akampa Jemadari, naye akapuliza. Walicheka wote wawili."

"Na Jemadari alipoanza kukohoa?"

"Nilijua."

"Ukasema sumu."

"Ningemwambia nini mwanangu? Angeninyima mjukuu."

"Dawa ilikuwa kabatini, Baba," daktari alisema. "Mapema ingemwokoa. Nimetibu sumu isiyokuwepo, na wewe umesimama nyuma yangu, umenishika bega, unaniambia nipige moyo konde."

Alitoka kwenda kuchanganya dawa ya Shangazi. Baba yake alimwita, hakugeuka.

Pilipili alimsogelea mkurugenzi, na hasira hakuificha. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Wewe kifo ulichokisababisha ukamtwika mtu uliyemfukuza kwa kukuambia ukweli. Uko chini ya ulinzi kwa taarifa ya uongo kwa polisi, na hilo ni la kwanza tu. Mkuu wa kituo ataeleza mwenyewe kwa nini maelezo yalikuwa mistari mitatu."

Mkurugenzi alimwendea mlishaji, mikono mbele. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mlishaji alikuwa anampa Shangazi papai, kipande kwa kipande, mkono ndani ya nondo.

"Mimi niko hai, mzee," alisema. "Kamwombe Jemadari. Yuko kwenye jokofu, mlango wa pili."