Mlango Bila Nyumba

Soko la Buguruni asubuhi halina njia, lina watu. Ukitaka kupita unasema "pisha", ukiwa na haraka unasema "chunga mzigo", na kama hukulelewa vizuri unasukuma tu. Marselino alikuwa amebeba mlango mzima kichwani, mninga mtupu, na yeye hakusema lolote kati ya hayo. Alikuwa anaita, "Hodi! Hodi jamani! Hodi!"

Watu walicheka, wakampisha. Msichana mmoja hakupisha. Alisimama katikati ya njia na gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa lililomkaa kiunoni kama limezaliwa naye, kopo la rangi mkononi, bunda la kamba ya katani begani. Akajibu:

"Karibu. Ila vua viatu, nimetoka kudeki."

Marselino akataka kumwona aliyesema hivyo. Sasa mtu mwenye mlango kichwani akigeuka, na mlango nao unageuka. Ukaizoa meza ya nyanya, nyanya zikatawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

"We kaka!" mwenye nyanya akapiga yowe. "Kama unatafuta mchumba si ungeuweka chini kwanza huo mlango?"

Wakainama wote wawili kuokota. Hapo ndipo mikono inapokutanaga, msijifanye hamjui.

"Naitwa Marselino. Fundi milango, Mbagala."

"Tupokigwe. Wengi wananiita Tupo."

"Tupo? Mko wangapi?"

"Mmoja. Lakini nakula kwa wawili, ujipange."

Akajipanga. Jioni ile ile simu ikalia.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Hayo maneno umeyaokota wapi, kwa kinyozi?"

"Kwa kinyozi, ndiyo."

"Karudi ukaokote mengine, hayo yameshavaliwa na watu."

Wakacheka mpaka salio likaisha. Ikawa hivyo kila jioni. Jumamosi wakala chipsi mayai, Jumapili iliyofuata wakala samaki. Mahindi ya kuchoma sitayataja, maana hayo waliyala gizani na mie sikuwepo kuhesabu magunzi.

Kitu kimoja hawakuambiana vizuri, ni nani anafanya nini wapi. Tupo alisema kazi yake ni vipimo, huko Mbagala. Marselino alisema anaishi Mbagala. Mbagala ni kubwa, hakuna aliyeuliza zaidi.

Marselino alikuwa akiishi na mama yake, Bi Sesilia, mtu wa Masasi, kwenye mtaa wa bondeni. Masika iliyopita kijito cha pale, ambacho siku za kawaida bata anakivuka kwa miguu, kiliamka kikachukua mtaa wote: kuta, vitanda, majiko, na kila mlango aliotengeneza Marselino. Mlango wa mama yake ulikutwa mbali kule chini, umesimama umeegemea mnazi, kufuli lake bado limefungwa.

Watu walipokutana kujenga upya, walikubaliana wajenge nyumba zisizochukulika tena. Misingi iwe mirefu, mitaro iwe mipana, na ukanda wa kando ya kijito uachwe bila nyumba, upandwe mianzi na majani ya kushika udongo. Wakapiga makofi. Kisha wakaambiwa gharama. Msingi peke yake unakula fedha iliyotosha nyumba nzima zamani, na ule ukanda unakula viwanja vya watu. Makofi yakakatika kama umeme.

"Msingi mrefu namna hii," akauliza Mzee Ferdinand, jirani yao, "tunajenga nyumba au jukwaa la harusi?"

Asubuhi moja Marselino akatoka na mswaki mdomoni, akaliona gauni la rangi ya chungwa kiwanjani kwao. Tupo alikuwa amechuchumaa, anachomeka vigingi na kuvuta kamba ya mpaka wa ule ukanda. Kamba ilikata kiwanja cha Bi Sesilia katikati. Upande wa kijito palibaki pale vilipokuwa vyumba vya wapangaji, na mkorosho mmoja, kitu pekee ambacho maji hayakukiweza.

Waliangaliana. Hakuna aliyesema "mpenzi".

Jioni simu ikalia.

"Tupo wangu."

"Nambie."

"Ile kamba. Isogeze kidogo tu, ipite nyuma ya mkorosho."

"Marselino, kwenu nikiisogeza kwa sababu ya mapenzi, kwa Mzee Ferdinand nitaisogeza kwa sababu ya nini?"

"Mie si Mzee Ferdinand."

"Maji hayakujui wewe wala hayamjui yeye."

"Kwa hiyo kamba ni bora kuliko mie?"

"Kwa hiyo ulinipendea kamba?"

Simu ikakatwa. Mpaka leo kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyekata.

Jumapili mtaa ukaenda misa ya kwanza. Bi Sesilia alisema magoti yanamuuma, akabaki. Waliporudi kamba ilikuwa imehama. Mkorosho na eneo la vyumba vya wapangaji vyote vimeingia ndani ya kiwanja, salama salimini, na hakuna aliyeona kitu.

Jumatatu Tupo alifika. Akasimama. Akang'oa kigingi kimoja, akakipapasa, akakinusa.

"Mninga," akasema. "Tena umepigwa randa. Vigingi vyangu vilikuwa vijiti vya mwarobaini. Mbagala nzima nani anachomeka ardhini vigingi vya mninga?"

Macho yote yakahamia kwa Marselino. Yeye akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamtazama kunguru kwa makini sana, kama amekuja na habari kutoka Masasi.

Marselino akaelewa.

"Ni mie," akasema.

Tupo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivirudisha vigingi palepale vilipokuwa, kimoja kimoja, akafunga kopo lake la rangi akaondoka.

Jioni Marselino alikwenda Buguruni kwenye chumba alichopanga Tupo. Ndala zake ziko mlangoni. Redio inaimba.

"Hodi."

Redio ikapunguzwa.

"Hodi, Tupo."

Ikazimwa.

"Hodi."

Kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa unaondoka, hata kama unamwona mtu dirishani anachungulia. Marselino akaondoka. Ndani, Tupo alikuwa amekaa kitandani anasubiri ya nne. Wanawake tuna ujinga wetu, wacha niuseme mwenyewe.

Basi simu zikanyamaza. Marselino akawa anaupiga randa ubao uleule kutwa, mpaka ukawa mwembamba kama chapati. Bi Sesilia alimvumilia kwa wiki kadhaa. Kisha akavaa gauni la kanisani, akajifunga kitenge kipya, magoti yakapona ghafla, akaenda Buguruni.

"Hodi!"

"Karibu mama! Shikamoo."

"Marahaba. Naona mie najibiwa ya kwanza. Mwanangu nasikia hata ya tatu hakujibiwa."

Tupo akainamisha kichwa. Bi Sesilia akakaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa.

"Vigingi nilichomeka mie. Vyako nilivichemshia chai. Vilikuwa vikavu, viliwaka vizuri tu."

Tupo alijaribu kukasirika, kicheko kikamtangulia.

"Kwa nini, mama?"

"Ule mkorosho. Baba yake Marselino, marehemu Gervas, alileta mbegu kutoka Masasi ndani ya soksi. Nyumba imekwenda, vitanda vimekwenda, mwenyewe alishakwenda. Umebaki ule. Halafu unakuja wewe na kamba."

"Kwenye mkutano ulikuwepo?"

"Nilikuwepo mpaka walipotaja gharama ya msingi. Nikatoka kunywa maji, sikurudi."

"Ungerudi ungesikia. Kamba inakataza ukuta, mama. Mti haikatazi. Mti tunautaka, mizizi yake inashika ukingo."

Bi Sesilia akaviringisha ncha ya kitenge kidoleni, akaikunjua.

"Na vyumba vya wapangaji?"

"Hivyo havirudi. Siwezi kukudanganya."

"Kodi yake ndiyo iliyokuwa inanilisha."

"Najua."

"Unajua na hutasogeza?"

"Sitasogeza. Nikisogeza, masika nyingine nitakuja kukutafuta kule chini kwenye mnazi, umesimama na kufuli lako."

Bi Sesilia akamtazama kuanzia miguuni hadi kwenye nywele alizosuka.

"Kumbe una mdomo! Mwanangu kapata kiboko yake." Akavuta pumzi ndefu. "Vyumba basi. Nimeviaga. Mie nitauza korosho nisogeze siku. Lakini wewe Jumamosi uje. Na usije na kamba."

Jumamosi Tupo alikuja na gauni la kijani, hereni ndefu, viatu vya kuchuchumia ambavyo bondeni havina maana yoyote. Msingi wa Bi Sesilia ulikuwa umekwisha, mrefu, ngazi mbele, zege imekauka vizuri. Fedha nayo ilikuwa imekwisha. Ukuta haupo, bati halipo. Juu ya ule msingi palisimama kitu kimoja tu: fremu, na ndani yake mlango wa mninga, ule ule wa Buguruni, umefungwa. Nyuma yake Marselino amesimama na shati lililopigwa pasi, anaonekana kulia na kushoto.

Mtaa ulishajaa. Mzee Ferdinand alikuja na kiti chake.

Tupo angeweza kuuzunguka mlango. Hakuuzunguka. Akapanda ngazi, akagonga.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Marselino."

Marselino akakohoa, basi.

"Hodi."

Hakuna jibu. Watu wakaanza kutazamana. Tatu zimetimia, mgeni mwenye adabu anageuka. Tupo akashusha mkono, akatazama ngazi. Kisha akaurudisha mlangoni, akagonga polepole.

"Hodi ya nne. Ile niliyokuwa naingoja, naileta mwenyewe."

Mlango ukafunguka.

"Karibu," akasema Marselino. "Ila vua viatu, nimetoka kudeki."

Akavua, kashikilia bega lake.

"Tupo, msingi umekula kila kitu. Vyumba vitakuwa viwili, si sita kama zamani. Kuta zitapanda tofali kwa tofali, na bati Mungu anajua. Utakubali nikuoe hivyo hivyo?"

Tupo akakanyaga sakafu kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu.

"Msingi mzuri. Nimeupima mwenyewe."

"Hilo ndilo jibu?"

"Jibu ni ndiyo, fundi. Ila ukuta fanya haraka, Mzee Ferdinand anatukodolea macho."

"Si niliwaambia!" Mzee Ferdinand akaruka kutoka kwenye kiti. "Jukwaa la harusi!"

Vigelegele vikapaa. Bi Sesilia akapanda ngazi taratibu, akawatazama wachumba, akaona ni vizuri waachwe peke yao. Akaushika mlango kwa adabu, akaufunga.

Mtaa wote ukaendelea kuwatazama.