Kofia ya Sanamu

— Shoga, mbona sanamu lako lina kichwa wazi?

Fundi kofia aligeuka kumtazama shoga yake. Ukumbi wa makumbusho ulijaa kofia za kushonwa kwa mkono, na wageni walizizunguka wakinywa juisi na kuchangia ukarabati wa paa. Mahali pa heshima lilisimama sanamu la kuvalishia, limebaki kipara.

— Sielewi. Mchumba wangu aliichukua kofia mwenyewe asubuhi, aje kulivalisha.

Mchumba wake ndiye aliyekuwa mratibu wa hafla. Akampigia simu.

— Mpenzi, kofia iko wapi?

— Ah, fundi wangu! Imechafuka kidogo, iko stoo. Wewe pumzika nyumbani, si ulisema kichwa kinakuuma?

— Kimepoa. Niko hapa ukumbini.

Simu ikakatika.

Fundi akakumbuka. Kitambaa cheupe cha kofia ile alikuwa amekiweka kwa ajili ya kofia ya harusi yake. Mchumba akambembeleza: "Kishone kiwe cha sanamu, mama. Chako tutanunua kingine." Mapenzi bwana! Akakubali.

Kipimo cha kichwa cha sanamu alileta mwenyewe, uzi wenye fundo, vile alivyofundishwa na fundi siku walipopendana. Unazungusha uzi juu ya masikio, unapenyeza kidole ili kichwa kipate nafasi, ndipo unafunga.

— Umeacha nafasi ya kidole? fundi alimcheka siku ile. Sanamu litabanwa na nini, wewe?

— Mazoea tu, mpenzi.

Akamwona mshamba wa kupendeza. Akashona.

Sasa kofia ile ile iliingia mlangoni, juu ya kichwa cha mwanamke aliyevaa gauni la buluu. Ilimkaa hasa, haikupwaya wala kubana. Fundi alimfuata, shoga nyuma yake.

— Dada, umependeza.

— Asante! Kaniletea mchumba wangu. Anasema kaishona bibi kizee mmoja, haoni vizuri, lakini mikono yake dhahabu.

Shoga akapaliwa na juisi.

— Alikupima vipi? fundi aliuliza.

— Kwa uzi. Huyo mwanaume ana madoido!

— Akapenyeza kidole hapa kwenye paji. Akafunga fundo, halafu akakubusu juu ya sikio.

Mwanamke aliacha kutabasamu.

— Umejuaje?

— Bibi kizee ndiye mimi. Na busu hilo alianzia kwangu.

Mratibu akatokea mbio, tai imepinda.

— Jamani, mambo si kama mnavyofikiri!

— Hatujaanza kufikiri, shoga alidakia. Tunakusikiliza wewe.

— Nilitaka kukueleza baada ya hafla…

— Unieleze mimi au yeye? fundi aliuliza.

— Na mimi je? mwanamke alipaza sauti. Jana si ulikuwa kwa baba yangu kuzungumza mambo ya ndoa?

Watu waligeuka. Mwanamke akaivua kofia kwa mikono miwili, macho yamemjaa maji.

— Chukua, dada. Sikujua. Wallahi sikujua.

— Najua hukujua.

Fundi akaijaribu. Ikamshuka hadi kwenye nyusi. Kitambaa chake mwenyewe, kazi ya mikono yake mwenyewe, nayo haikuwa yake hata kidogo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele za watu, na hakuyaficha. Iliuma.

— Nisamehe, mratibu alinong'ona. Nitakununulia kitambaa kingine, kizuri zaidi.

— Unadhani nalilia kitambaa?

Alijipangusa kwa kiganja, akamrudishia mwanamke kofia.

— Kaa nayo, dada. Niliishona vizuri, na kichwa ni chako. Ila huyu usikae naye.

— Simtaki hata bure!

Fundi akaenda hadi kwenye sanamu. Akaivua pete yake ya uchumba, akaivika kwenye kidole kigumu cha sanamu.

— Unafanya nini? mratibu aliuliza. Watu wanatazama!

— Si uliniambia kofia ya bi harusi ni ya sanamu? Basi bi harusi wako huyu hapa. Hatakuuliza ulikuwa wapi.

Akamshika shoga mkono, wakatoka. Mratibu alibaki mbele ya sanamu akihangaika kuichomoa pete, na pete ikagoma kutoka.