Jiwe Lililotoka Shamba la Warumi

Alasiri moja nyumba yao ya ughaibuni, katika kitongoji cha Akalla, ilinuka ngano iliyoungua, na jiko lilikuwa baridi. Veronica alifungua madirisha huku akimlaumu mumewe, maana humo ndani kila kibaya kilikuwa cha Anselmo.

Anselmo alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Kiangazi kilichopita alikwenda Uingereza kufukua makao ya wakulima wa enzi za Warumi: misingi ya nyumba, tanuri la kukaushia nafaka, mifupa ya kichanga chini ya sakafu. Akarudi na kipande cha jiwe la kusagia, amekificha ndani ya soksi.

"Umesoma miaka yote hiyo ili uibe jiwe," Veronica alimwambia. "Bibi yangu Songea analo zima, na kuku wanalinyea."

Anselmo alicheka kinyonge. Kicheko hicho nacho kilimchefua mkewe.

Baadaye ikaja sauti ya kusaga, mchana kweupe, na jiwe limetulia dirishani. Veronica alisema ni majirani. Lakini siku moja alitoka kazini akamkuta Anselmo amepiga magoti sebuleni, viganja vyeupe kwa unga, akinong'ona na mtu asiyeonekana, na mbele yake zulia limebonyea mahali pawili kama pa magoti mengine, na mabonyeo yale, Veronica akiyatazama, yakaanza kusogea polepole kuelekea aliposimama.

Veronica akamwita Gilles, mhubiri Mkongo wa kitongoji jirani cha Husby, ambaye siku zote alikuwa akimdharau kwa suti zake za kung'aa. Gilles aliingia, akanusa, akashusha sauti.

"Mama, iko mtu humu. Jiwe lirudi kwao. Lakini papa, bwana yako, asilibebe. Huyo mtu anamupenda."

"Nani alibebe, mimi? Nina kazi zangu. Aliyelileta ndiye atakayelirudisha."

"Mama, nakuomba."

"Asante, mchungaji. Mlango ule pale."

Anselmo aliondoka na jiwe kesho yake kwenda Uingereza. Nyumba ikatulia, harufu ikaisha. Jioni alipiga simu.

"Nimelifukia."

"Basi rudi."

"Siwezi. Kuna mavuno."

"Mavuno mwezi wa kumi na moja? Hata kuwa kichaa huwezi vizuri."

Kwenye simu ikaja sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili safi kabisa, bila haraka na bila hasira.

"Mwache," ilisema. "Wewe hukumtaka."

Simu ikakatika. Anselmo hajarudi.