Mawe Yaliyoanguka Chini ya Ohinga

Zizi la ndama alilokuwa akijenga Nashon lilikuwa na kozi nne, yaani safu nne za mawe, Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi zilikuwa tano. Fundi hasahau kazi ya mikono yake, lakini Nashon alikuwa amechoka, akasema basi, nimesahau.

Kuchoka kwenyewe hakukuanza juzi. Miaka kumi na sita alikuwa mlinzi wa ohinga, boma la mawe la watu wa kale kule Migori, kuta zilizompita mtu urefu na hazina tope wala simiti. Kila basi la shule kutoka Homa Bay lilimletea swali lile lile: watu hao walikuwa wakali? Walipigana na nani hata wakajifungia hivi? Naye alijibu kama kasuku: maadui, chui, wezi wa ng'ombe. Mawe yaliyoanguka chini ya ukuta aliyaona hayana mwenyewe, akayabeba kwa pikipiki hadi kwake. Mlinzi ndiye mwizi wa kwanza, hilo mnalijua.

Kufika Alhamisi ukuta ulikuwa umepita zizi ukaanza kuizunguka nyumba, na adhuhuri ilisikika ko, ko, ko, jiwe juu ya jiwe, na harufu ya jasho la watu wengi waliobanana, ilhali uani hapakuwa na mtu ila mkewe Roselyn, mwenye mimba ya miezi saba baada ya mbili za kwanza kutoka, ameinama, viganja vinavuja damu, akitafuta jiwe la kuziba mwanya.

"Roselyn, weka chini hilo jiwe. Mtoto."

"Nimechoka, Nashon," alinong'ona huku akilia. "Wanasema bado."

"Nani wanasema?"

"Si hawa." Akatazama mahali patupu.

Nashon alikimbilia pikipiki. Alimleta Dani Risper, bibi mganga wa kijiji, naye akaunusa ukuta kabla ya kusema.

"Watu wa kale hawakuwa na vita, mjukuu wangu. Nafasi ya kugombana wangeitoa wapi? Huyu ni jachien, pepo asiyechinja mtu. Anakujengesha tu mpaka ufie kazini. Jiwe likianguka, mjenzi mmoja wa kale amepumzika. Wewe umewaokota ukawarudisha kazini."

"Basi niyarudishe ohinga, dani?"

"Ukiyapanga tena, umejenga. Yaangushe, uyaache hapo hapo."

Nashon akausukuma ukuta kwa bega, kozi baada ya kozi, na kila jiwe lilipoanguka alisikia mtu akishusha pumzi karibu na sikio lake, mpaka ukuta wote ukalala, na Roselyn akaketi chini, akashika tumbo, akasema mtoto amecheza, na Nashon akalia bila aibu.

"Asante, dani," alisema, akageuka.

Dani Risper alikuwa amekaza leso kiunoni, ameinama penye kifusi, mkono mmoja umeshika jiwe, wa pili unapapasa mahali pa kulikalisha.