Kikohozi cha Baba Mkwe

Siku ile kikohozi kilikuja mapema mno.

Tupokigwe alikuwa ameketi mlangoni, mtoto kifuani, anachambua maharage kwenye ungo. Jua halijapinda bado. Akasikia nyuma ya migomba, kule njia inapokata: khe, khe, kisha kimya, kisha khe moja kavu. Akaacha ungo, akajifunika khanga usoni, akaingia ndani na kuvuta mlango. Akangoja asikie hatua zikivuka ua kwenda nyumba ya pili.

Hazikuvuka.

Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe, wala hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Wakisikiana, mwanamke hujificha. Watu wa ua ule walikuwa wamebatizwa wote, ila mwiko huo haukupelekwa kubatizwa. Mzee Asukile, baba mkwe wake, alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa udresa katika hospitali ya mjini Mbeya: kufunga vidonda, kupiga sindano, kugawa dawa. Kila jioni akirudi alikohoa kwenye kona ya migomba ili mkwewe apate kujificha. Na tangu Tupokigwe ajifungue, alikuwa anakohoa mbali zaidi, kisha anasimama kidogo, maana alijua mzazi hakimbii.

Tupokigwe aliyaona mambo hayo. Chakula cha mzee alikiweka juu ya jiwe katikati ya ua, kimefunikwa, na asubuhi alikuta sahani imerudishwa, imeoshwa. Mwanamume wa umri ule, kuosha sahani! Pengine kando yake palikuwa na kipande cha sabuni kwa ajili ya nepi. Hakuwahi kuuona uso wa mtu huyo. Alimjua kwa kikohozi, kwa hatua, na kwa harufu ya dawa ya hospitali aliyoiacha hewani akipita.

Jioni ile kikohozi kilikuja tena, kwa wakati wake, na safari hii hatua zilivuka ua. Basi yule wa mchana alikuwa nani?

Alijiambia ni mpita njia. Lakini kesho yake kilikuja tena, karibu zaidi, nyuma ya jiko. Halafu ukaja msimu wa ukungu, ule unaoshuka kutoka mlima wa Loleza na kukaa uani kama ng'ombe asiyetaka kufukuzwa, na ndani ya ukungu huo kikohozi kikahamia ukutani, ukuta wa chumba alicholala na mtoto. Harufu ya dawa ya hospitali iliingia kwa dirisha, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya tope la mtoni lenye majani yaliyooza. Kila kikikohoa, Tupokigwe alichutama pembeni, khanga usoni, kama alivyofundishwa na mama yake. Asingeweza kuchungulia. Mke mwenye adabu hachungulii.

Siku moja kikasema.

"Mkwe."

Sauti ya mzee, ya chini, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye tofali.

"Mkwe, mtoto huyo si wako. Mpeleke mtoni. Wenyewe wanamngoja."

Angemwambia nani? Mumewe Lutengano alikuwa katika kazi ya barabara ya Iringa, amelala kwenye mahema karibu na Mafinga, na alirudi mwisho wa mwezi tu. Na hata angekuwepo, mke ataanzaje kusema kwamba baba yako anakuja kwenye ukuta wa chumba changu wewe ukiwa safarini? Neno la namna hiyo likitoka mdomoni halirudi. Lingemvunjia heshima mzee aliyemletea sabuni, lingemfanya yeye arudishwe kwao, na mtoto angebaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo alinyamaza, na kimya hicho kikawa chumba cha pili ndani ya chumba, kisicho na mlango, na humo ndani alikaa na mtoto na ile sauti, akisahau kuoga, akisahau kula, akimnyonyesha mtoto huku amefumba macho kwa hofu ya kwamba akimtazama sana atakuta kweli si wake.

Aliyemkuta mtoni alikuwa Bi Mwanahawa.

Huyu alikuwa jirani, mke wa Alawi fundi cherehani, watu waliotoka Kilwa miaka mingi nyuma. Alikuwa akifua. Akamwona Tupokigwe amesimama kwenye maji hadi magotini, mtoto mikononi mbele yake, amejifunika uso kama mtu anayejificha mkwe, na hapakuwa na mwanamume yeyote pale.

Bi Mwanahawa hakupiga kelele. Hakumnyang'anya mtoto. Aliingia majini polepole na nguo zake, akasema, "Khanga yako inalegea, mwanangu. Nipe mimi huyu, ujifunge vizuri."

Tupokigwe akampa.

"Haya. Sasa, nani amekutuma huku na baridi hii?"

"Baba."

"Baba yako yuko Tukuyu, umeniambia mwenyewe."

Tupokigwe akazidi kuivuta khanga usoni. Bi Mwanahawa akautazama uso uliofunikwa, akaelewa.

"Hee," alinong'ona. "Limepata mahali pa kukaa, pepo hilo mwanaharamu. Limekaa pale ambapo wewe huruhusiwi kutazama."

Alimrudisha nyumbani, akafukiza ubani, akasoma alichojua kusoma. Moshi ulipotoka kwa dirisha, kule nje kikakohoa, muda mrefu, kama mtu aliyepaliwa.

"Umesikia?" Tupokigwe akamshika mkono.

"Sikusikia, mwanangu. Lakini sikatai kwamba wewe umesikia." Kisha, kwa kumchangamsha: "Na kama kinakohoa, basi ubani wa Alawi ni wa bei rahisi kama nilivyosema."

Tupokigwe alicheka kidogo, halafu akalia. Kilio hicho ndicho kilichomtoa maneno yote.

Jioni Bi Mwanahawa alikwenda kwa Mzee Asukile, akamweleza, akiwa amesimama nje ya mlango wake.

"Saa hizo mimi niko wodini, mama," alisema Mzee. "Watu wote wananiona."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa watu."

Mzee alilisema jambo hilo kwa daktari. Miaka ya nyuma lilikuwa na jibu moja: kamba, lori, na hospitali ya mbali ya wagonjwa wa akili, ambako wengine hawakurudi. Lakini mwaka huo, hamsini na saba, vilikuwa vimeanza kufika vidonge vipya kwa watu wanaosikia sauti. Daktari akatoa vidonge. Akasema dawa peke yake ni nusu. Mgonjwa asiachwe peke yake, na kila siku awepo mtu wa kumsikiliza bila kumcheka wala kumkaripia. Akasema pia kwamba atakuja kumwona mwenyewe, na kama hakuna nafuu lori litamchukua. Mtoto hatakwenda naye.

Basi vidonge vikaletwa, mzee akimkabidhi Bi Mwanahawa, Bi Mwanahawa akimpa Tupokigwe. Kila siku aliketi naye, wakimenya viazi, akamuuliza kama anavyouliza habari za soko, "Leo kimesema nini?" Naye Tupokigwe alisema. Lakini jambo moja hakulisema. Sauti ilikuwa imemwambia: "Nimevitia sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Nani anavitoa kwenye chupa? Si mimi?" Na kweli, aliyevitoa kwenye chupa alikuwa baba mkwe. Kwa hiyo aliviweka chini ya ulimi, na mgeni wake akigeuka alivitema jikoni, kwenye majivu.

Bi Mwanahawa aliviona siku alipozoa majivu, vimevimba, vyeupe. Alivifunga kwenye upindo wa khanga, akavuka ua.

Siku ya pili yake, mchana, ukungu ukiwa bado uani, kikohozi kilisikika kwenye kona ya migomba. Tupokigwe akachutama, akajifunika. Hatua zikavuka ua. Hazikwenda nyumba ya pili. Zilikuja mlangoni kwake, mlango ukasukumwa, na harufu ya dawa ya hospitali ikajaa chumbani. Tupokigwe akajikunyata ukutani, akimwita mama yake.

"Tupokigwe, mwanangu. Fungua uso."

"Siwezi, baba! Mwiko!"

"Mwiko nitaulipia ng'ombe. Ng'ombe anapatikana. Wewe hupatikani. Bi Mwanahawa yuko hapa, amemshika mtoto. Fungua uso unione."

Alifungua.

Aliona mtu mdogo kuliko alivyofikiri, kaptula ya kaki, mvi kwenye nyusi, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Mzee alikuwa amepiga magoti ili wasipitane urefu. Kwenye kiganja chake palikuwa na kidonge.

"Mimi ndiye. Nina uso huu mmoja tu. Nitazame mpaka utosheke."

Tupokigwe akamtazama. Na hapo, wakiwa wanatazamana, mdomo wa mzee umefungwa kabisa, kule nyuma ya ukuta, kwenye ukungu, khe, khe, kimya, khe moja kavu, na harufu ya tope ikaingia kwa dirisha, na Tupokigwe aliyekuwa hatoi macho kwenye midomo ile iliyofungwa aliona kwamba midomo ilibaki imefungwa, lakini macho, macho ya mzee, dresa aliyewaambia wagonjwa kwa miaka yote kwamba sauti ni homa ya kichwa tu, yaliondoka usoni pa mkwewe taratibu, yakaenda ukutani, yakakaa huko, na jasho likamtoka kwenye mvi. Bi Mwanahawa alikuwa anambembeleza mtoto mlangoni, akiimba kwa puani. Yeye hakugeuka.

Walisikia wawili tu.

Mzee alirudisha macho.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe, baba."

"Basi meza."

Akameza. Mzee akabaki palepale amepiga magoti, wakitazamana, mpaka kikohozi kikachoka.

Dawa haikuwa tamu. Ilimkausha mdomo, ikamlaza mchana, ikafanya mikono yake iwe mizito kama ya mtu mwingine, na nyakati nyingine Bi Mwanahawa ndiye aliyemshikia mtoto titini. Lakini kikohozi kilirudi nyuma. Kutoka ukutani kikaenda jikoni, kutoka jikoni kikaenda migombani, na kila siku alipoulizwa kimesema nini alikuwa na machache ya kueleza, mpaka siku moja walijikuta wanasengenya mke wa mchungaji tu. Daktari alipokuja alimkuta anamwogesha mtoto huku anamkemea kwa utani kwa kumrushia maji. Lori liliondoka limebeba mahindi.

Lutengano aliporudi aliambiwa yote, mbele ya wazee, na ng'ombe akachinjwa. Wazee wakasema mwiko uliovunjwa haurudi kama ulivyokuwa. Wawili hawa watakuwa baba na binti, wasijifiche tena. Hakuna aliyefurahi kama Tupokigwe. Sasa alimpelekea mzee chakula mkononi, akamwona akila, akajua kwamba hapendi mlenda na miezi yote ile alikuwa akiumeza kwa heshima.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kila alipomkaribia, mzee alimtazama usoni kwanza, kwa muda mrefu kidogo, kabla hajaitikia salamu.

Ukungu ulirudi baada ya mavuno. Lutengano alikuwa amekwisha kwenda barabarani. Tupokigwe alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, anapepeta ulezi, alipomwona mzee akija kutoka nyumbani kwake bila kukohoa. Alitembea kwa uangalifu, mikono yote miwili ameikunja kifuani, kama mtu aliyebeba.

"Umechelewa," alisema kwa sauti ya chini, asije akamwamsha mtu. "Ulisema unakwenda mtoni mara moja tu. Amelia, kisha akalala."

"Nani, baba?"

"Mtoto. Si ulinipa kwa dirisha asubuhi?"

Tupokigwe aliweka ungo chini. Alihisi joto la mwanawe mgongoni, pumzi yake shingoni. Akageuka polepole, mzee aone.

"Mtoto ni huyu hapa, baba."

Mzee Asukile alikitazama kichwa kile kidogo kilichotokeza kwenye mbeleko. Akamtazama usoni Tupokigwe, kwa muda mrefu. Kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe. Akainama, akaishusha mikono hadi chini mlangoni, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kizito kisiamke, akainuka, akajifuta viganja kwenye kaptula.

Tupokigwe alimshika bega, akamkalisha kwenye kigoda.

"Vidonge vyangu vimebaki, baba," alisema. "Na kesho tutakwenda pamoja kwa daktari. Utaniambia kila kinachosema. Sitakucheka."

"Wewe umenipa," mzee alinong'ona. "Sauti yako. Khanga yako hiyo."

"Si mimi. Nitazame."

Akamtazama.

"Usiondoke machoni pangu," alisema mzee.

"Naleta maji tu."

Mtungi ulikuwa ndani. Tupokigwe aliinua mguu kuvuka kizingiti, akasita. Pale chini hapakuwa na kitu, ni vumbi na makapi ya ulezi. Akaikaza mbeleko, akapita pembeni kabisa, bega likikwaruza ukuta, asipakanyage.