Karoti Safi za Mama Zakia

Nyumba ya Mwanahawa kule Shume haikuwa na kiti kitupu. Jirani akija kuomba kaa la moto, anakalishwa. Akikalishwa, analetewa chai. Chai ikiisha, habari hazijaisha. Mumewe, Mbaraka, alikuwa akisema, "Mama Zakia akikosa mtu wa kuzungumza naye, atazungumza na moshi."

Basi simu za kupangusa zilipofika milimani, Mwanahawa alipata nyumba ya pili. Humo simuni kulikuwa na kundi la watu thelathini, karibu wote wakulima, liitwalo Mboga za Milimani. Wengine walikaa Shume, wengine Lukozi, wengine Soni. Mmoja, Rubeni, alikuwa mchuuzi wa Magoma, huko chini kwenye joto. Wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Zamani ushirika ndio uliokusanya mazao. Biashara ilipoachwa huria, kila mtu alijitafutia mnunuzi wake. Sasa watu hawa waliuza pamoja bila ofisi wala mlango. Ofisi yao ilikuwa ni simu.

Mnunuzi wao mkubwa aliitwa Wema. Alikuwa na jiko mjini Tanga, akipikia shule za bweni.

Asubuhi moja Mwanahawa alikuwa akichambua maharage. Simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa kundini na Kibwana, kiongozi wao.

"Ndugu zangu, Wema amefungua magunia ya karoti. Matatu yameoza. Yote yameshonwa kwa uzi mwekundu. Amesema yakioza tena, atatafuta wakulima wengine. Mwenye uzi huo tunamjua. Mimi nashauri atoke kundini kabla hajatuzamisha wote."

Kila mkulima alishona magunia yake kwa uzi wa rangi yake. Uzi mwekundu ulikuwa wa Mwanahawa.

"Mimi?" alimwambia Mbaraka. "Mimi ninayeosha karoti mpaka zinang'aa? Wenzangu wanaziosha kwa kuzikanyaga mtoni mara mbili. Mimi nazikanyaga mara nne."

"Waambie basi."

"Niwaambie nini? Kwamba zangu zimeoza? Nitapita wapi?"

Siku mbili hakuandika neno. Majirani wakaanza kuuliza kama anaumwa.

Siku ya tatu akaja Nasra, bibi shamba wa kata yao.

"Shikamoo, mama Zakia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa leo umeikuta nyumba imenuna."

Nasra alisikiliza kisa chote, kisha akaomba kuliona kundi. Akapitia ujumbe mmoja mmoja. Salamu za Ijumaa. Picha za maua. Kabichi kubwa kama mtoto mchanga. Nani kamwoa nani. Hapo Mwanahawa akatazama pembeni, kwa maana hizo za ndoa nyingi zilikuwa zake.

"Mama, humu mna picha nyingi za mazao mazuri," alisema Nasra. "Picha ya zao lililoharibika iko wapi?"

"Nani atajianika?"

"Basi tatizo lenu ndilo hilo. Wewe unalijua shamba. Rubeni analijua joto la Magoma. Wema analijua jiko lake. Kila mmoja ana kipande cha ujuzi, na vipande havijawahi kukutana. Mkivikutanisha, mtapata ujuzi ambao hakuna mmoja wenu aliyekuwa nao."

"Nifanyeje?"

"Uliza. Sema ulivuna lini, uliosha vipi, ulifunga saa ngapi. Usijitetee."

Mwanahawa alirekodi sauti yake mara tatu. Ya kwanza alijitetea. Ya pili alimsema Kibwana. Zote mbili Nasra alizifuta. Ya tatu ikaenda.

"Asalaam aleikum. Magunia yale ni yangu. Nilivuna asubuhi. Nilizikanyaga mtoni mara nne. Nilizifunga zikichuruzika maji, nikidhani zitafika mbichi. Zimeoza. Nani anajua kwa nini?"

Mwanahawa akaigeuza simu kifudifudi mezani. Mara ikalia. Alikuwa Rubeni.

"Mama Zakia, haya mimi nayaona kila wiki. Gunia lenye maji likipata joto la huku, ndani linakuwa chungu cha uji. Mimi nikipokea tu nafumua, nazitandaza kivulini."

"Mbona hukutuambia, baba?"

"Hamkuniuliza. Nilidhani watu wa milimani mnajua kila kitu."

Mwanahawa akacheka, mara ya kwanza tangu juzi.

"Hilo ni neno la mtu mmoja," alisema Nasra. "Hebu tulijaribu."

Walifunga magunia matatu. La kwanza, karoti zilikanyagwa na kufungwa na maji yake, kama kawaida. La pili, zilioshwa taratibu kwa mikono, zikatandazwa kivulini mpaka zikakauka. La tatu hazikuoshwa kabisa. Zilipanguswa udongo tu. Nasra akamwonyesha Mwanahawa karoti zilizochubuka kwa kukanyagwa.

"Ngozi ikichubuka, uozo umepata mlango."

Rubeni aliyakalisha magunia hayo kwake Magoma siku nne, akayafungua, akatuma picha kundini. Karoti za gunia la kwanza zilikuwa zinateleza na kunuka. Za pili zilikuwa nzima, ila chache zilikuwa na madoa. Za tatu zilikuwa kama zimeng'olewa jana.

"Sawa," alisema Kibwana. "Lakini Wema hatapokea karoti zenye udongo."

"Mmemuuliza?" aliandika Nasra, aliyekuwa ameingizwa kundini.

Hakuna aliyemuuliza. Wala Wema hakuwa kundini. Mwanahawa akaomba aingizwe, kisha akamuuliza mwenyewe. Jibu la Wema lilikuja na kicheko ndani yake.

"Jamani, nani aliwaambia nataka zilizooshwa? Jikoni kwangu karoti zote zinamenywa. Nilidhani kuosha ni desturi yenu."

Mzigo uliofuata ulikwenda Tanga bila kuoshwa. Magunia yenye uzi mwekundu yalifika mazima, na Wema akaagiza tena. Mwanahawa aliandika maneno machache yakabandikwa juu kabisa ya kundi: jinsi ya kuandaa karoti, nani aliona nini, na tarehe ya jaribio. Mtu mpya akiingia, anayakuta hapo. Toka siku hiyo kila mwenye jibu aliulizwa: umeliona mwenyewe au umelisikia? Salamu na habari za ndoa zilifunguliwa kundi lake. Hilo kwa wiki mbili tu likawa na watu wengi kuliko lile la mboga.

Siku moja Mwanahawa alikuwa na wageni wanne, na birika la pili la chai lilikuwa motoni. Kibwana akatuma picha. Kabichi zake zilikuwa zimepasuka vichwa, shamba zima. Chini yake aliandika, "Zangu hizi. Nani anajua kwa nini?"

Mgeni mmoja akaanza kucheka. Mwanahawa akamkazia macho. Akaweka kikombe chini, akaandika polepole:

"Pole sana, kaka Kibwana. Umefanya vizuri kuuliza. Mvua ilinyesha lini, na kabla yake shamba lilikaa kavu siku ngapi?"